Inchi Tatu za Akiba

Ninaandika haya nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na mtu, ingawa mdogo wangu wa kike amesimama nyuma ya kiti changu na anasoma kila mstari.

Mambo yalianza na simu ya Shangazi, dada yake Baba, ambaye hapigi simu bila jambo. Alisema ameamua kuwanunulia watoto kigari cha pedali. Kimoja, cha wote watatu. Tuchague saizi wenyewe, tumwambie muuzaji, mengine tumwachie yeye.

Asiyekijua kigari hicho, ni hivi: kina magurudumu manne, usukani, kiti chenye mgongo, na cheni kama ya baiskeli. Injini hakina. Injini ni miguu yako.

Sasa nieleze hali yangu. Nilikuwa nimebakiza wiki tatu kutimiza miaka kumi na sita, na siku tisa kurudi bwenini. Baba alikwisha tangaza kwamba kuanzia likizo ijayo nitaingia karakanani kwake kama mtu mzima, na mtu mzima, kwa sheria za nyumba yetu, hachezi. Gari pekee nililowahi kuendesha maishani ni boksi la sabuni lililovutwa kwa kamba na mdogo wangu, naye alidai zamu yake kila baada ya hatua kumi. Kwa hiyo nilikuwa na siku tisa za kukalia kitu chenye magurudumu kabla utoto wangu haujafungwa rasmi, kwa kufuli.

Tatizo lilikuwa saizi. Muuzaji alimtumia Baba karatasi yenye picha. Kulikuwa na kigari kidogo, cha kati, kikubwa, na cha nne kilichowekwa pembeni peke yake kama mgeni asiyejulikana na mtu. Chini ya kila picha palikuwa na urefu wa mguu unaokifaa, kuanzia kwenye nyonga hadi chini, ukiwa umevaa viatu. Nilijipima chumbani kwa siri, nikawapima na wadogo zangu wakiwa usingizini mchana. Cha kati kiliwatosha wote wawili bila shida. Mimi ndiye niliyezidi, kwa inchi mbili tu, lakini mbili hizo zilikuwa zinanifukuza utotoni.

Kikubwa kingenitosha mimi. Ila kwa wadogo zangu, kama wangekuwa warefu zaidi kwa inchi tatu hivi, kingetutosha wote.

Nikawarefusha.

Mama ni mwalimu, na ana kiti chake cha kusahihishia madaftari, chenye mto mnene wa sponji. Niliufungua zipu, nikakata vipande vya chini, nikaufunga tena kwa heshima. Kisha niliitisha kikao.

Mdogo wangu wa kike ana miaka kumi na moja na tunamwita Hakimu, kwa sababu tangu aanze kusema hajawahi kukosa hukumu. Wa mwisho ana miaka sita na anaitwa Kifungo, kwa sababu akiwa na miaka miwili alimeza kifungo cha koti la mteja, na nyumba nzima ikasubiri siku mbili kukirudisha kwenye koti.

“Mtavaa mabuti ya mvua,” niliwaambia. “Ndani ya buti tunaweka sponji. Mtasimama wima, Baba atapima, basi.”

“Mvua iko wapi?” Hakimu aliuliza.

“Mvua haikuhusu.”

“Na mimi napata nini?”

“Kigari kikubwa. Kinakimbia zaidi.”

“Hicho ni chako. Mimi nauliza changu.”

Tulikubaliana nioshe vyombo zamu zake zote hadi nirudi shule. Aliniandikisha, akanitaka nitie sahihi, akaficha karatasi mahali ambapo mpaka leo sijapaona. Kifungo hakudai kitu. Alifurahi tu kwamba amekuwa mrefu, akazunguka chumba akigusa vitu.

Nami, ili nisionekane nimebaki nyuma peke yangu, nikaweka sponji kwenye buti langu pia. Sikuihitaji. Tamaa mbele, mauti nyuma, wahenga walisema, lakini siku hiyo sikuwa na nafasi ya kuwasikiliza.

Baba ni fundi cherehani. Tulimkuta karakanani, futi ikiwa shingoni na chaki nyuma ya sikio. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini watoto watatu wamevaa mabuti jua likiwaka. Baba hakujiuliza. Akipima haoni mtu, anaona namba. Niliwahi kumsikia akimsalimia mteja mlangoni, “Karibu, thelathini na nane.”

Alipima mmoja mmoja, akaandika kwa chaki ubaoni, akampigia muuzaji simu na kuiweka sauti ya juu kwa sababu mikono yake haikai bure. Nilisimama mlangoni nikiwa mtulivu kama maji ya mtungi. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Namba za ubaoni ziliangukia kwenye kigari kikubwa kama mkono kwenye mfuko.

“Andika,” Baba alimwambia muuzaji. “Wa kwanza thelathini na tano.”

Nilitazama ubao. Palikuwa na thelathini na mbili.

“Wa pili thelathini na moja. Wa tatu, ishirini na saba.”

Muuzaji alirudia namba hizo moja moja. “Samahani, fundi. Una watoto au una minara?”

“Watoto wanakua, bwana. Nguo ya mtoto haishonwi kwa mguu wa leo. Kila mmoja nimempa inchi tatu za akiba.”

Hapo damu ilinishuka hadi kwenye sponji. Akiba. Ni mimi, kati ya watu wote, niliyesahau akiba. Suruali yangu ya shule imepindwa mara tatu chini tangu kidato cha kwanza. Bwenini wananiita Mapindo. Walimu wawili wamewahi kuniuliza kama ni ya kaka yangu mkubwa, na sina kaka.

“Baba,” nilisema, “labda kwa kigari akiba si lazima.”

“Msomi, mimi nikusomeshe hesabu yako?”

“Hapana, Baba.”

“Basi nawe niachie yangu.”

Muuzaji alisema kwamba kwa mguu wa thelathini na tano kilichobaki ni kile cha nne, cha watu wazima, na kwamba yule mdogo hatakifikia. Baba alijibu kwamba atakifikia tu, na kwamba katika kazi yake yeye anajua jambo moja: kikubwa hupunguzwa, kidogo hakiongezwi.

Kigari kilifika siku ya nne, ndani ya boksi ambalo ningeweza kulifanya chumba cha kulala. Baba alikiunga uani, boliti kwa boliti, Kifungo akimpa spana isiyo sahihi kila mara. Kilipokamilika kilikuwa chekundu, kirefu, kimetulia kwenye magurudumu yake kama ng’ombe aliyeshiba. Tulisogeza kiti mbele hadi tundu la mwisho.

Kifungo alikikalia kwanza. Miguu yake iliishia katikati ya safari.

“Nasukuma,” alisema, akisukuma hewa.

Hakimu alifika kwa ncha za vidole, kisha pedali ikazunguka ikamkimbia. Alishuka, akaniangalia kwa namna ambayo ilikuwa hukumu tosha.

Mimi nilikaa. Niliteleza mbele hadi nikawa nimelala chali na kidevu kikiwa kifuani. Kidole gumba cha kulia kiliigusa pedali kila ilipopanda juu, kama mtu anayemgonga mwenzake begani na kukimbia. Kigari kilisogea shubiri moja, kikakataa.

“Ngoja nikijaribu, pengine kina kasoro,” alisema Baba.

Alikaa. Kilimkaa kama koti alilojishonea. Na hapa lazima niseme jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: Baba yangu amekanyaga pedali ya cherehani kwa miaka ishirini, kutwa nzima, bila kwenda popote. Alipokanyaga hii, kigari kiliruka. Kilitoka getini, kikapita mbele ya karakana, ambako wateja wawili walikuwa wakimsubiri na mmoja akaita “Fundi, suruali yangu”, kikazunguka nguzo ya umeme na kutokomea. Aliporudi alikuwa na futi inayopepea mgongoni na uso ambao simjui nao.

“Hakina kasoro,” alisema, akaenda tena.

Alienda mara tano. Siku iliyofuata alienda kununua uzi nacho. Mimi nilikuwa naosha vyombo na kuhesabu siku. Zilibaki nne.

Jioni ya siku hiyo Mama aliketi kusahihisha madaftari, akasimama, akaketi tena.

“Hiki kiti kimekonda,” alisema.

Mama alifungua zipu ya mto akachungulia.

“Sponji yangu iko wapi?”

“Iko kwenye buti, Mama,” Kifungo alisema kwa upole, kama anayemsaidia mtu aliyepotea njia. “Ilitusaidia kuwa warefu.”

Baba aliinua kichwa polepole. Aliyaleta mabuti yetu yote, akatoa vipande, akavipima kwa futi. Kisha akamtazama Hakimu.

“Sema.”

Hakimu alitoa ushahidi wote, pamoja na ule ambao haukuombwa. Alipomaliza alichukua chaki, akaandika namba sakafuni, akanigeukia.

“Miguu yetu ya kweli ukiongeza akiba ya Baba inakuja kwenye kigari kikubwa. Wote watatu. Ungekaa kimya tu, ungekipata.”

Nilizijumlisha upya zile namba. Zilikuwa sahihi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilikuwa nimejichimbia mahali ambapo maji yalikwisha letwa kwa bomba.

Nilitegemea kiboko. Baba alizungusha futi kidoleni.

“Ulikuwa unakitaka sana,” alisema hatimaye.

“Nina siku nne tu, Baba. Baadaye ni mtu mzima.”

Aligeuka akakitazama kigari chekundu kupitia mlangoni. Nadhani alitaka kusema jambo kuhusu watu wazima na michezo, akajikuta hana ushahidi.

“Vueni viatu,” alisema. “Leo napima mguu wa leo.”

Alitupima peku mmoja mmoja, bila kuongeza hata nywele. Kisha akatoa hukumu: itashonwa mito mitatu ya kuegemea, ya kumsogeza kila mtoto mbele hadi afike. Mshonaji ni mimi. Wa kwanza wa Kifungo, wa pili wa Hakimu, wa mwisho wangu. Na kabla ya yote hayo, wa Mama.

Nilikanyaga pedali siku tatu mfululizo, ila za cherehani. Mshono wa kwanza ulikwenda kama njia ya mlevi na Baba akaufumua wote. Nje nilimsikia Kifungo akipita na mto wake mnene kama gogo, akipiga kelele za honi kwa mdomo. Hakimu alipita akiwa kimya, wima, kama mtu anayepelekwa ofisini.

Mto wangu uliisha asubuhi ya kuondoka. Baba alivuta mshono, akauacha, akasema, “Haya. Hadi kituoni.”

Sanduku langu lilifungwa nyuma kwa kamba. Nilikaa nikiwa na sare kamili, miguu ikafika, nikakanyaga. Sitaki kueleza sana. Barabara ilishuka kidogo baada ya karakana, na kwa muda wa nyumba kama kumi hivi sikuwa na umri wowote. Baba, Hakimu na Kifungo walikuwa wakikimbia nyuma.

Kisha cheni ikaiuma suruali. Pindo la kwanza lilifunguka, la pili likamezwa, nikasimama ghafla na sanduku likanipita.

Baba alipiga magoti barabarani akihema. Alitoa mkasi mfukoni. Aliitazama ile akiba ya miaka minne, yote, ikiwa nyeusi kwa grisi, akaikata. Kisha akahamia mguu wa pili, akaukata usawa huohuo kwa macho, bila futi.

“Simama.”

Nilisimama. Suruali iliishia mahali mguu wangu ulipoishia.

“Sasa ni yako,” alisema, akavitia vile vipande mfukoni. “Endelea, utachelewa.”

Niliporudi likizo iliyofuata, nikiwa na miaka kumi na sita na mtu mzima kwa sheria za nyumba yetu, suruali hiyo ilikuwa imepanda juu ya vifundo vya miguu kwa inchi tatu kamili. Nilizipima mwenyewe. Baba alinitupia funguo za karakana. Kigari kilikuwa mlangoni, na mto wangu ulikuwa umekwisha kuondolewa. Nilikaa, na miguu ikafika bila huo.