Wanywaji wa Alhamisi

Jean-Claude Mulenga, fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo mwenye miaka hamsini na minne na sharubu nene, alikuwa amefika katikati ya kusuka nywele za mama yake mlango ulipogongwa. Akaficha kitana mfukoni, akatoka.

Nje alisimama msichana mwenye makaratasi. Aliitwa Daniella, chuo chake kilimtuma kuhesabu watu wanaotunza wazee na wagonjwa nyumbani bila malipo.

"Papa, banasema hapa kuko mama mugonjwa. Ni nani anamuchunga?"

"Dada yangu, Huguette."

"Iko wapi?"

"Ku Kampemba."

"Anakuyaka hapa kila siku?"

"Kila Noeli."

Daniella akaitazama mikono ya fundi iliyong'aa mafuta. "Na hii mafuta?"

"Ya mashini."

Mama Nkandu, asiyeweza kutembea mwaka wa tatu sasa, akapaza sauti toka ndani: "Jean-Claude! Unaniacha kichwa nusu! Na uji inaungua!"

Fundi akanywea. "Mademoiselle, usiandike. Banaume ya hii avenue batanicheka."

"Papa, hatuandikaki jina. Ni miaka tu, na kama ni mwanaume ao mwanamuke."

"Hakuna jina?" Uso wake ukachangamka. "Basi kuya Alhamisi ku bar ya Mama Mujinga. Utaona wengine kama miye."

Alhamisi jioni Daniella aliwakuta wanaume sita kwenye meza moja, kila mmoja na chupa ya bia ambayo haijafunguliwa. Donat, muuza nyama mwenye mikono kama majembe, alikuwa akijifunza kusuka nywele kwa kamba aliyoifunga kwenye kiti. Mke wake alikuwa amepooza upande mmoja. Chomba, mwanajeshi mstaafu, alikuwa amemlaza Jean-Claude juu ya benchi, akionyesha namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza.

Walipomwona msichana, Donat aliikalia kamba. "Tunakunywa!" akapiga kelele.

"Hataandika majina," Jean-Claude alisema, bado kalala kifudifudi.

Wote wakaanza kutaja miaka yao kwa pamoja, kama watoto darasani, na mabishano yakafuata: bukari, yaani ugali, ya mzee asiye na meno iwe laini kiasi gani?

"Maji mingi," alisema Chomba.

"Ile ni supu!" Donat akagonga meza. "Mademoiselle, wewe unapikaka namna gani?"

Daniella alikiri hajawahi kumtunza mtu yeyote. Wale wanaume wakamtazama kwa huruma. Donat akamvutia kiti.

"Ikala, mwanangu. Geuza karatasi, andika muzuri."

Akaandika mafunzo yao mpaka wino ukaisha.