Dirisha Nililolipigilia Misumari

Barua ya Hayati ilikuwa ya kurasa mbili, na jina la Mroudjae lilitajwa mara sita. Nilihesabu. Nilikuwa nimekaa juu ya majora ya vitambaa katika duka la mjomba wangu Soidri, sokoni Volo Volo, Moroni, kisiwani Ngazija, na mwanamke mmoja alikuwa akiniuliza bei ya khanga kwa mara ya tatu.

"Mroudjae ameona ukungu nyuma ya kabati, upande wa kichochoroni," aliandika mchumba wangu. "Mroudjae anasema madirisha ya chumba chetu yawe wazi tangu asubuhi hadi alasiri, na sanduku likae shubiri moja mbali na ukuta, ili ukuta upumue."

Chumba chetu. Mimi nilikuwa sijakiona. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mama yake humjengea, na mume huingia siku ya harusi akisindikizwa na mji mzima. Akikanyaga kizingiti kabla ya siku hiyo ni aibu kwa pande zote mbili. Nyumba ya Hayati ilikuwa Mutsamudu, ng'ambo ya maji, na ilikuwa haijakaliwa miaka minne ikinisubiri nijiandae. Lakini mwashi huingia mchana kweupe na ndoo yake, na hakuna anayemuuliza.

Huyu Mroudjae nilikuwa nimemwona mara moja. Mwanamume aliyefiwa na mke, umri wake haufiki arobaini, mabega kama mlango. Alilelewa Unguja na huko ndiko alikojifunza kazi ya chokaa. Na nyumba yake ilitazamana na dirisha la Hayati, kichochoro kikiwa chembamba kiasi kwamba mtu angeweza kumpa mwenzake kikombe cha chai kutoka dirisha hadi dirisha.

Sikulala vizuri siku tatu. Ya nne nikaenda kwa mpishi wa kambi ya mamluki wa Kizungu, ambaye siku zote alikuwa na kitu cha kuuza, nikanunua makopo matatu ya rangi ya mafuta ya kijani, ile ya kambini. Nikayapeleka kwa chombo cha kwenda Mutsamudu pamoja na barua kwa mama yake Hayati. Niliandika kwamba chokaa ni kazi ya mababu, kwamba Moroni sasa watu wanapaka rangi ya mafuta, inang'aa, inafunika kila doa. Na kwamba dirisha la kichochoroni lipigiliwe mbao kwa nje, kwa heshima ya bibi harusi.

Mle nikatia shairi kwa Hayati, kama nilivyofanya kwa miaka minne. Utunzi sikufundishwa na mtu. Niliuchukua redioni, beti kwa beti, na sijaona wa kunishinda Moroni.

*Dirisha lifunge wewe, upepo usikuguse,*
*Hata jua lizuiwe, shavu lisikupapase.*

Bi Saoudat, mama yake, alijibu kwamba yamefanyika. Hayati hakujibu. Nikafikiri amefurahi.

Mvua zilinyesha wiki sita. Siku ishirini kabla ya harusi nikavuka kupeleka sehemu ya zawadi. Kwenye bandari ya Mutsamudu mzungu mmoja mwenye sare nyeusi alinifungulisha mzigo, akapekua hariri ya bibi harusi kwa mtutu wa bunduki, akaniambia nipite. Nikapita na hasira yangu, nikapanda vichochoro hadi mlangoni kwa Bi Saoudat.

Hakunipokea kwa udi. Alinipokea kwa harufu ya nguo iliyosahauliwa majini.

"Karibu, mwanangu. Kaa hapa barazani," alisema. "Ndani hupaingii, na hata ungeruhusiwa usingependa."

Nyumba ya binti yake ilikuwa inayofuata, mlango kwa mlango. Ulikuwa wazi nusu. Uani, kwenye kamba, karatasi zilikuwa zimeanikwa kwa vibanio vya nguo, zimejikunja, zina madoa ya kijani na meusi. Niliutambua mwandiko. Ulikuwa wangu.

"Nani amezianika?"

"Mroudjae," alisema Bi Saoudat. "Sanduku lilikuwa limegusa ukuta. Godoro limeoza upande mmoja. Shiromani mbili za kujitanda siku ya harusi zimeharibika. Mashairi yako humo yalikuwa yamegandana kama mkate wa jana, akayabandua moja moja."

Mroudjae mwenyewe alitokea uani, kitambaa kimefungwa puani, kikwangulio mkononi. Alikishusha kitambaa, akanisalimu kwa adabu.

"Umeyasoma," nikamwambia.

"Ningeyabandua vipi bila kuyaona?" Akakung'uta kikwangulio. "Ni mashairi mazuri, bwana. Ila kila beti unafunga dirisha."

Bi Saoudat akageuza uso ukutani. Mabega yake yalitikisika.

Nilimwambia Mroudjae kwamba huu ukungu ni kazi yake. Angepaka vizuri tangu mwanzo, tusingefika hapa. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi.

"Ukuta huu ni mawe na chokaa," alisema. "Unakunywa maji wakati wa mvua, unayatoa wakati wa upepo. Wewe umeuvisha koti la mpira ukauziba na pua. Maji yaende wapi? Nilimwambia Mama. Mama akasema mkwe ametaka."

"Mkwe ametaka," Bi Saoudat alirudia, sasa bila kicheko. "Na mimi nikakubali, kwa sababu majirani wangesema tunamdharau mtu wa Ngazija. Sasa nisikilize, mwanangu. Siku nane kabla ya harusi wanawake wa mji wanakuja kuikagua nyumba. Watagusa kuta na kufungua masanduku. Wakikuta hali hii, hakuna harusi mwezi ule. Baada yake ni Ramadhani. Na baada ya Ramadhani sijui binti yangu atasema nini. Hata leo sijui."

Hayati alisema mwenyewe. Alikuwa nyuma ya mlango wa mama yake muda wote. Niliona ncha ya shiromani yake chini ya ubao.

"Inzoudine."

"Nipo."

"Umenipaka rangi ya kambi. Nikiingia humo nadhani nitaitwa gwaride."

"Hayati, mimi nilitaka..."

"Najua ulichotaka. Mtu yule ameingia nyumba hii miaka minne na hajawahi kuniinulia macho. Wewe uko Moroni na umenifungia dirisha. Misumari ile uliitaka wewe. Ukaing'oe wewe, sasa hivi, watu wakiona. Ukishindwa, rudi na zawadi zako."

Nilitaka kurudi. Nakiri. Nilishika hata kamba ya mzigo. Kisha nikazitazama zile karatasi, mashairi ya miaka minne yakipunga hewa kama soksi, nikaiachia.

Ngazi ilikuwa ya Mroudjae. Nyundo pia. Kichochoro kikajaa kama siku ya maulidi. Wachukuzi waliokuwa wakitoka bandarini wakatua mizigo yao wapate kutazama.

"Bwana harusi anaiba nyumba yake mwenyewe," mmoja alisema.

"Muacheni, anatafuta mashairi yake," jirani mmoja akajibu.

Ngazi iliyumba. Nilipotazama chini, Mroudjae alikuwa ameishika kwa mikono miwili, na ndipo ikatulia. Afadhali ningeanguka kuliko kushikiwa ngazi naye. Nikang'oa. Misumari kumi na miwili, imeota kutu, kila mmoja ukilia. Mbao za mwisho zikatoka, nikavuta dirisha.

Ndivyo nilivyokiona chumba changu kwa mara ya kwanza. Ukuta wa kijani ulikuwa umefura malengelenge, na juu yake ukungu mweusi umetambaa kutoka sakafuni hadi usawa wa kitanda. Pumzi ya chumba ilinipiga usoni. Nikajua ni pumzi yangu.

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Mjomba Soidri alituma salamu za kuuliza kama nimekufa. Ndani waliingia Mroudjae, Bi Saoudat na Hayati: waliulowesha ukungu kwa siki kabla ya kuusugua, ili vumbi lake lisiruke, wakakwangua rangi yote, wakaacha ukuta mtupu upate upepo. Bi Saoudat alitaka kufukiza udi, Mroudjae akamwambia udi unaficha harufu tu. Mfereji wa paa uliokuwa umeziba ukazibuliwa. Mimi sikuruhusiwa kuvuka kizingiti, kwa hiyo nikapewa kazi ya nje. Nilikoroga chokaa kichochoroni, kwenye pipa, kwa mti mrefu, shati langu la Moroni likiwa jeupe hadi kwapani.

Siku ya mwisho, asubuhi, nilisikia kicheko kutoka juu. Cha Bi Saoudat, cha Mroudjae, na cha Hayati. Kilitoka kwenye dirisha nililolifungua kwa mikono yangu. Sikusikia walichochekea. Moyo ulinipanda kama kawaida yake, nikauacha mti, nikatazama ngazi.

Chokaa ukiiacha kabla haijalainika hushika mabonge, na mabonge huacha nyufa, na nyufa hunywa maji. Haya pia alikuwa amenifundisha Mroudjae.

Hayati akatoa kichwa dirishani, shiromani imemfunika hadi machoni.

"Wanawake wanakuja kesho," alisema. "Mbona umesimama?"

"Mnacheka nini huko?"

"Tunakucheka wewe. Koroga."

Nikakoroga.