Gauni Alilolikalia Mama Vifungo

Mjukuu wangu alipokabidhiwa duka letu la ushonaji, nilidhani ataingia na maneno mengi, maana vijana wakishasoma huwa na haraka ya kutupanga. Yeye alivuta kigoda tu, akakaa kando ya kila mtu kwa zamu na kufanya naye kazi yake. Alikata vitambaa, akapiga pasi, akafumua mishono iliyokosewa. Kisha akawauliza wote swali moja.

"Kazi gani ukiikumbuka asubuhi unatamani kujifunika shuka tena?"

Mkata nguo alicheka mpaka akaweka mkasi chini. "Kuchora kola za sare! Kola ileile kila siku, mpaka naziota."

"Hiyo haihitaji hata umeme. Tutakukatia kola ya bati, uwe unaifuatisha kwa chaki."

Mama Vifungo alipoulizwa, alisema, "Mimi napenda zote."

Lilikuwa jibu la woga, nililijua. Yeye ndiye aliyekuwa akishona matundu ya vifungo kwa mkono, na ndiye aliyewapigia simu wateja nguo zikiwa tayari. Alikuwa amesikia kuna mashine ya matundu, na kompyuta inayotuma ujumbe yenyewe. Mchana akaninong'oneza, "Bibi, hivyo viwili vikiingia, mimi natoka. Nitabaki kufanya nini, kupamba mlango?" Ni mjane, na nyumbani mama yake anamtegemea kwa kila kitu. Nilitaka kumshika mkono, akaurudisha haraka.

Mjukuu akaanza kujaribu ile kompyuta. Sasa, dukani kwetu nguo huandikwa kwa jina la mwenye mwili, si la mwenye mfuko. Ndivyo nilivyowazoesha mwenyewe tangu zamani, ili vipimo visichanganyike. Kompyuta nayo, kwa utiifu wake, ikamwandikia mke wa mwalimu kwamba gauni lake liko tayari. Kumbe gauni lile mwalimu aliliagiza kwa siri, akaleta gauni kuukuu la mkewe liwe kipimo, ili amshangaze siku atakayostaafu uuguzi.

Hatukukaa sana, tukasikia, "Hodi humu! Gauni gani hilo? Mimi sijaleta hata uzi!"

Gauni lilikuwa limetandazwa kitini, limenyooka vizuri. Mama Vifungo akalikalia.

"Karibu, dada! Mguu umepona?"

"Umepona, asante. Gauni je?"

"Aa, hiyo mashine ngeni, bado haijawajua watu."

"Na wewe mbona leo huinuki kunisalimia?"

"Kiuno, dada. Leo kiuno kimenishika!"

Mkata nguo akakohoa kikohozi kisichokuwa chake. Mjukuu wangu ndiye aliyeinuka. "Kosa ni langu, mama. Mimi ndiye niliyeiagiza itume. Samahani kwa kukutembeza juani." Akampa maji, akamsindikiza mpaka barabarani huku wakiongea habari za mguu.

Aliporudi alilichukua lile gauni lililojikunja, akalipiga pasi mwenyewe. Hakumlaumu mtu, wala mashine. Kisha akasogeza kigoda karibu na Mama Vifungo.

"Shangazi, mpigie mwalimu. Nataka kusikia."

Mama Vifungo akapiga. "Mwalimu, shikamoo. Uko peke yako? Kile kitu chako kimeiva. Mwambie mama unakwenda kunyoa... Ndiyo, najua huna nywele. Sema ndevu, basi!"

Mjukuu alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akasema, "Simu zinabaki kwako. Tena wateja wakiingia, wewe ndiye utakayewapokea na kuwapima. Sasa nionyeshe mkono."

"Mkono una nini?"

"Kila ukimaliza shati unaukung'uta chini ya meza. Niliuona siku ile nilipokaa na wewe. Nilishona matundu ya shati moja tu, nikashindwa kufunga mlango wa nyumbani. Wewe umeyashona miaka yote hii. Matundu yanakwenda kwa mashine, shangazi. Wewe unakwenda pale mbele, mlangoni."

Mama Vifungo akanigeukia. "Si nilikwambia, bibi? Kupamba mlango!" Akacheka, kisha cheko likamgeukia kilio kidogo, nami nikajifanya natafuta miwani.

Mashine ya matundu ilipofika, mjukuu hakumruhusu mtu kuigusa kabla ya Mama Vifungo. Yeye akaiwasha, akalikagua tundu la kwanza, akapitisha kifungo, akakitoa, akakipitisha tena.

"Limebana kidogo," alisema. "Legeza hapo."

Mjukuu akalegeza.

Siku hizi nikifika kunywa nao chai, humwangalia Mama Vifungo pale mlangoni, utepe wa kupimia shingoni, akiulizia wazazi wa watu. Kikombe sasa anakishika kwa mkono wa kulia peke yake, bila kuusaidia na wa kushoto kama zamani.