Migongo ya Vigingi

Wifi yangu ana ulimi wa kuchekesha, na mara nyingi anayechekwa ni mimi. Asubuhi ile nilipokuwa nakunja godoro letu ili watu wapate pa kukaa sebuleni, alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Wenzako wanapanda vyeo, wifi. Wewe unapanda baiskeli."

Kaka yangu akacheka kwenye taulo. Nikacheka na mimi, maana anayelala kwa watu hachagui kicheko. Binti yangu akanivuta gauni, nikainama.

"Mama," akaninong'oneza, "wameamka wote? Naweza kuongea?"

Ana miaka mitatu, na ananong'ona. Hakuna aliyemchapa wala kumkaripia kwa hilo, nisiwasingizie watu. Kaka hufanya zamu za usiku na kulala mchana, watoto wa wifi wana masomo yao, na kati ya sebule na vyumba vya wenyewe kuna pazia tu. Tangu alipoanza kusema, kila neno lake lilipokewa na kidole mdomoni. Sasa hata nje, kwenye uwanja ambako watoto wengine wanapiga kelele za kupasua masikio, yeye huja sikioni kwangu kama mtu mwenye siri. Baba yake alikwenda mbali kutafuta kazi. Aliipata, akapata na mengine, simu zikaanza kuchelewa, kisha zikaacha kuja.

Kwa hiyo nilichokuwa nakitaka duniani kilikuwa kimoja tu: chumba.

Chumba chenyewe nilikuwa nakijua. Kiko nyuma ya kituo cha baiskeli, pale zinapokodishwa na kutengenezwa. Kina dirisha moja linalotazama mashamba, sakafu ya saruji iliyopasuka pembeni, mlango wenye kufuli lake, na ukutani msumari ambao mtu wa zamani aliuacha. Nilikuwa nimeshakifagia mara kadhaa ingawa hakuna aliyenituma. Kilikuwa cha mtunza njia, na mtunza njia alikuwa bado hajaajiriwa, kwa sababu njia yenyewe ilikuwa bado haijakubaliwa.

Njia hiyo niliitengeneza mimi. Msimamizi wa kituo, ambaye sote tunamwita Bosi Helmeti kwa sababu haivui hata akiwa anakula, alinichukua kwa kazi ya muda aliposikia kwamba kwenye masomo ya jioni nilifaulu jiografia. "Unajua kusoma ramani?" aliniuliza. Nikasema ndiyo. "Unajua kuendesha baiskeli?" Nikasema hilo nililijua kabla ya ramani. Akanipa baiskeli, vigingi, nyundo na kopo la rangi ya njano. Kazi ilikuwa kutafuta vijia na vichochoro vya mashambani kutoka kituoni mpaka kule bwawani, kuviunganisha, na penye kila njia panda kusimika kigingi chenye mshale, ili mtu apate kuizunguka wilaya kwa baiskeli bila kukanyaga lami wala kupigiwa honi na malori. Wakaguzi wakiipitisha njia, atapatikana mtunza njia. Bosi hakusema mtunza njia atakuwa nani, ila aliniachia nitundike koti langu kwenye ule msumari.

Nilifanya kazi hiyo peke yangu msimu mzima. Mwanzoni upweke ulinitisha. Unaweza kukanyaga pedeli asubuhi nzima ukasikia mnyororo wako tu, na njiwa, na upepo kwenye mahindi. Nilikuwa naongea na baiskeli. Nikiteremka mlima naiambia taratibu mama, nikipanda naiambia haya tusaidiane. Baadaye nikauzoea upweke ule, nikaona kwamba wa sebuleni kwa kaka, katikati ya watu, ndio mzito zaidi.

Asubuhi hiyohiyo, siku moja kabla ya ukaguzi, Bosi alinipigia simu.

"Mama Rangi! Mambo yamebadilika kidogo tu. Wakaguzi wamefikia nyumba ya wageni ya kule bwawani. Nami nalala hukohuko. Kwa hiyo kesho tunaanzia huko, tunakuja huku. Si njia ni ileile?"

"Ni ileile, bosi."

"Basi. Mtu akikuona na wasiwasi mwambie Bosi amesema ni ileile."

Nilikata simu. Nilikuwa nimeshika ufagio mlangoni mwa kile chumba. Ukanidondoka.

Kila asubuhi msimu ule nilitoka kituoni kwa kufuata njia yangu, nikafika pale nilipoachia jana, nikaendelea mbele. Jioni sikurudi nayo hata mara moja. Nilikuwa nakatiza kwenye lami, nakimbilia kwa wifi kabla mtoto hajalala, maana akilala sijafika huamka usiku ananitafuta kwa kupapasa, bila sauti. Nilikuwa nakwenda tu. Vigingi vyote nilivipaka mshale upande mmoja, upande wa anayetoka kituoni. Siku Bosi alipokuja kuipima njia alipanda nami mpaka bwawani, tukarudi kwa gari la mizigo, baiskeli nyuma, tunaimba. Hata yeye hakuona. Mtu anayetoka bwawani atakuta kwenye kila njia panda gongo la mti lisilosema kitu.

Nilimwomba wifi akae na mtoto mpaka jioni. Akaniuliza, "Na leo nayo?" lakini akamshika mtoto mkono. Nikafunga kopo kwenye usukani, nikakimbia kwa lami mpaka bwawani, nikageuza tairi.

Nilidhani njia niliyoizaa mwenyewe itanijua. Ikanikana. Miteremko yote ilikuwa imegeuka milima. Miti niliyoitumia kama alama ilikuwa na sura nyingine. Ule uliokuwa na nundu kama mgongo wa ng'ombe, kwa upande huu ulikuwa mti tu. Ukimya nao ulikuwa mwingine. Wakati wa kwenda nilikuwa natafuta kitu kilichoko mbele, na anayetafuta hana nafasi ya kujisikia. Sasa nilikuwa kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta viti vimehamishwa na hakuna wa kumuuliza.

Kwenye kila kigingi nilishuka, nikafuta vumbi mgongoni mwake, nikapaka mshale, nikapanda tena. Penye mikaratusi, ambapo vijia vitatu vinakutana, sikuweza kukumbuka nilikuwa nimetokea kipi. Nikachagua cha katikati kwa ujasiri mkubwa. Kikanipeleka mpaka kwenye hori la ng'ombe na kuishia hapo. Ng'ombe mmoja aliinua kichwa, maji yakimdondoka midomoni, akanitazama kama wifi. Nikarudi naburuta baiskeli.

Nilipofika tena mikaratusini nilisikia madumu yakigongana. Alikuwa muuza maziwa, mwanamume wa makamo anayepita huko kila siku na madumu mawili kwenye keria ya baiskeli. Tulikuwa tunasalimiana tu tukipishana.

"Mama Rangi! Leo jua limechomoza wapi? Unakuja badala ya kwenda!"

"Salama, kaka. Kijia cha kutokea darajani ni kipi?"

Akaegemeza baiskeli yake kwenye paja. "Umepotea kwenye njia yako?"

"Nimepotea."

Alicheka mpaka madumu yakacheka naye. "Mimi nikajua unajua unachofanya. Kila siku nikienda naona mishale, nikirudi naona migongo ya vigingi. Nikamwambia mke wangu, ile njia ya baiskeli ni ya kwenda tu. Akasema, wanaokwenda wanarudi wapi? Nikamwambia, hilo ni la ofisi, sisi tunauza maziwa."

"Sasa mbona hukuniambia, kaka yangu?"

"Wewe ulikuwa na kopo la rangi na nyundo, dada. Mtu mwenye nyundo hasahihishwi."

Sikuweza kukasirika. Nilicheka, na kicheko kikaja na machozi kidogo, nikasingizia vumbi. Akanionyesha kijia kwa kidevu, akaongeza kwamba hana hakika sana, yeye huliachia tairi la mbele lichague. Lakini kilikuwa chenyewe.

Niliendelea. Daraja la mbao. Shule kuukuu isiyo na paa. Kichochoro kati ya kuta mbili za mawe, chembamba kiasi kwamba usukani unakwaruza. Jua lilikuwa mgongoni mwangu, na kivuli changu kikirefuka mbele kama mtu anayenitangulia bila kunisubiri. Na rangi ikazidi kupungua. Nilianza kupaka mishale myembamba, kisha mifupi, kisha nikawa nachokonoa kopo kwa kijiti. Nilipofika kwenye shamba la alizeti, njia panda ya mwisho kabla ya kituo, kopo lilikuwa limekauka kama mfupa.

Hapo njia zinagawanyika mbili, na zinafanana kama mapacha. Moja inakuja kituoni. Nyingine inakwenda kwenye machimbo ya kokoto na kuishia kwenye shimo. Alizeti zote zilikuwa zimenipa kisogo. Nilisimama pale nimeshika kopo tupu, nikaona chumba changu na msumari wake vikienda zao kwa ile njia ya pili.

Duka la rangi lilikuwa limeshafungwa nilipokatiza kwenye lami na kufika mjini, na kesho yake lingefunguliwa watu wakishamaliza chai. Simu ya Bosi haikupatikana. Na asubuhi, kabla sijafungua mdomo, wifi alikuwa ameshavaa.

"Leo siwezi kukaa na mtoto, wifi. Nina safari yangu. Nami ni binadamu."

"Hata mimi nisingekuomba," nikasema, na lilikuwa kweli. Alitupatia chapati mbili kwenye mfuko, akamrekebisha mtoto kofia, akaenda zake.

Nilimfunga binti yangu kwenye kiti cha keria, tukaenda kwenye alizeti. Nikatandika kanga chini ya kigingi, tukakaa.

"Tunamngoja nani?" akaninong'oneza.

"Wageni."

"Wamelala?"

"Hapana. Ongea tu, mwanangu. Hapa ni porini."

Alitazama alizeti, urefu wao na visogo vyao, akanisogelea zaidi. "Hawa je?" akauliza kwa sauti ileile ya pumzi. "Wamelala?"

Tukangoja. Tulikula chapati moja, kisha nusu ya nyingine. Mtoto alihesabu sisimizi kwa namba zake mwenyewe. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa mwili mzima. Kila upepo ulikuwa tairi, kila ndege alikuwa kengele. Nikaanza kufikiri labda mishale ile myembamba haikuonekana, labda wako kwa ng'ombe wangu pale horini, Bosi anatokwa jasho ndani ya helmeti. Sijawahi kujisikia mpweke kama pale, na mtoto wangu yuko mapajani. Ukiwa peke yako unajikosea mwenyewe; ukiwa na mtoto kuna anayekusubiri uwe sahihi.

Kengele ikalia kweli. Bosi alitangulia, nyuma yake mkaguzi mwanamke mwembamba, na mwisho mwanamume mnene aliyekuwa anahema kama mvukuto. Yule mwanamke alifunga breki njia panda. Suruali yake ilikuwa na doa la njano gotini.

"Na hapa? Alama iko wapi?"

Bosi alikizunguka kigingi. Akaona mshale upande wa pili. Akanitazama, na nikaona anaanza kuelewa kila kitu kwa mara ya kwanza.

Nikasimama. "Hapa alama ni mimi," nikasema. "Njia ni hii ya kushoto. Ile nyingine inakwenda kwenye machimbo. Mishale yote mliyoiona nimeipaka jana, maana nilikuwa nimesahau kwamba watu wanarudi. Rangi ikaishia kigingi kimoja kabla ya hapa."

"Jana ndiyo," mkaguzi akasema, akijitazama goti. "Suruali yangu ni shahidi."

"Kwa hiyo akija mtu keshokutwa," yule mnene akauliza kati ya pumzi, "utakuwa umekaa hapa na kanga yako?"

"Keshokutwa patakuwa na rangi. Leo nipo mimi."

Binti yangu alininong'oneza kitu. Mwanamke akauliza, "Anasemaje?"

Niliona aibu. "Anasema mmechelewa."

Yule mnene alicheka mpaka ikabidi ashuke kwenye baiskeli. Kisha akajipangusa uso, akawa mtu wa kazi tena. "Jumatatu vigingi vyote viwe na rangi nene pande zote mbili. Nitakuja mwenyewe. Sitasema naanzia wapi."

"Anzia popote," nikamjibu.

Walishika njia ya kushoto. Tukawafuata nyuma, mimi na mtoto, na ndipo nilipogundua kwamba hicho kipande cha mwisho sikuwa nimewahi kukipita kurudi.

Pale kituoni Bosi alisubiri wageni waingie ndani. Alivua helmeti. Sikuwahi kujua kwamba ana upara.

"Hata mimi niliimba kwenye lile gari," akasema polepole. Akanipa ufunguo. "Si wa kudumu. Wa mpaka Jumatatu. Jumatatu tutajua."

"Jumatatu itafika, bosi."

Nilifungua mlango. Binti yangu aliingia, akasimama katikati ya sakafu ya saruji. Akatazama dirisha, akatazama koti langu kwenye msumari, kitu pekee tulichokuwa nacho humo. Alinikunjia kidole niiname.

"Humu kalala nani?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama yangu. Ni mimi na wewe tu."

Alichungulia nyuma ya mlango. Kisha akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akaita, "Maaamaaa!" kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, sauti nene kidogo, ya mtu mwingine kabisa. Kwa kuwa chumba kilikuwa kitupu, kuta zilimrudishia. Alishtuka, akanitazama kama nitaweka kidole mdomoni.

Mimi nilikuwa naitika.