Gauni Lililopanuka Upande Mmoja

"Mimba ya nani, wewe? Umri huu? Hata paka wangu kastaafu!" Fundi cherehani alifoka, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Ya nani sijui," jirani yake akajibu ng'ambo ya ukuta. Mtaa ulimwita Redio, tena redio isiyo na kitufe cha kuzimia. "Mimi nasema nilichokiona. Gauni umelipanua ubavu wa kushoto tu. Tumbo la shibe hukaa katikati, shoga."

Fundi akajitazama. Kweli, mara mbili ameufumua mshono uleule, akakilaumu kitambaa.

"Kesho naenda kupimwa, nije nikuzibe mdomo!"

Akaenda na mdogo wake. Mpimaji alikuwa akitania huku akipitisha kifaa tumboni. Kilipofika kushoto, utani ukakatika. Uvimbe, juu ya figo. Daktari wa upasuaji hakupindisha maneno: figo hilo litoke lote, lililobaki litatosha. Likatoka. Maabara ikasema ni saratani, ya aina ambayo daktari mwenyewe aliiona mara moja tu maishani. Sasa wakapima tena kujua kama imeacha mizizi.

Siku hizo Fundi alitunga uzi, tundu la sindano likamkimbia. Ng'ambo ya ukuta, Redio kimya. Kimya hicho ndicho kilichomtisha zaidi.

Majibu yalipotoka, daktari alitabasamu kabla hajakaa.

"Haijasambaa. Tumekata hadi kwenye nyama isiyo na ugonjwa, kingo zote safi. Dawa huhitaji kwa sasa, ila utakuja kupigwa picha kila baada ya miezi michache. Usikose."

Mdogo wake akaangua kilio. Fundi akaangua kicheko, akajishika ubavu. "Jamani msinichekeshe, nitafumuka!" Na hakuna aliyemchekesha.

Jioni Redio alikuwa mlangoni, macho chini.

"Dada, nilikupakazia."

"Tena sana. Lakini ungenyamaza kama wenye adabu zao, mpaka leo ningekuwa napanua gauni."

Redio akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Basi niwaambie nini watu?"

"Waambie nimejifungua salama, na mtoto kabaki maabara."

Wakacheka, mmoja akijishika ubavu.

"Utatangaza baadaye. Vua viatu, nawa mikono, mdogo wangu keshapakua. Ingia tule."