Chuo Alichochaguliwa Waithira

Waithira wa mtaa wa Landless, Thika, hakuwahi kununua hata sufuria bila kuiombea kwanza. Mumewe Njau alizoea kutania kwamba yeye mwenyewe aliombewa miezi saba kabla ya kukubaliwa, na hadi leo hajui kama jibu lilikuwa ndiyo au mama wa watu alichoka kungoja. Kwa hiyo ilipofika siku ya kuchagua chuo cha Biblia, hakuna aliyetarajia kwamba Waithira angetumia kichwa peke yake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Chuo chenyewe alikihitaji kweli. Kwa miaka minane, kila Jumanne na Ijumaa, alitoka Thika kwenda hospitali moja ya misheni huko Ruiru kuwaombea wagonjwa. Bure, kwa nauli yake mwenyewe. Aliwajua wauguzi kwa majina ya watoto wao. Aliwashika mikono watu waliokuwa wakikata roho huku jamaa zao wangali njiani. Basi siku moja matroni wa hospitali, Mkamba mmoja asiyependa maneno mengi aitwaye Kivuva, alimvuta pembeni akamwambia kwamba baada ya miaka miwili hospitali ingeajiri kasisi wake wa kudumu. Kungekuwa na mshahara, ofisi ndogo karibu na maabara, na beji ya kuvaa shingoni.

"Waithira, hiyo kazi ni yako," Kivuva alisema. "Lakini bodi inataka diploma ya theology. Soma online, hawana shida na hiyo. Tu uhakikishe chuo kinatambuliwa na serikali. Usiniangushe."

Tangu siku hiyo Waithira hakutaka kitu kingine duniani, na hakuona haya kukitaka. Alikuwa amechoka kuandikwa kwenye kitabu cha wageni mahali alipofanya kazi kuliko wenyeji.

Alitafuta kwa simu yake wiki nzima, akabaki na vyuo viwili. Cha kwanza kilikuwa cha zamani, masomo yake yalikuwa mtandaoni, na karo yake ilimfanya ashike kichwa, ingawa kwa kubana chakula na kumwuza ng'ombe wa mama yake ingewezekana. Cha pili kilikuwa cha Askofu Gachau, pale mtaani Kimbo, karibu na Ruiru. Karo yake ilikuwa chini ya nusu. Kwenye karatasi ya matangazo kulikuwa na mhuri wa dhahabu na maneno kwamba chuo kimeidhinishwa na Baraza la Kimataifa la Vyuo vya Imani. Mhuri ulikuwa mkubwa kuliko picha ya askofu, na picha ya askofu haikuwa ndogo.

"Si serikali iko na watu wa kuangalia vyuo?" Njau alisema. "Wapigie. Ni simu ya bob kumi."

"Baba Muriithi, mambo ya Mungu hayapigiwi serikali simu," Waithira alimjibu.

Njau akarudi kwenye chai yake. Alijua pa kukomea. Katika kanisa lao, kumchunguza mtumishi wa Mungu ni sawa na kumpekua baba mkwe mifukoni. Mtu akitaka kujua jambo, anafunga, anaomba, anangoja ishara. Waithira alifanya hivyo. Aliziweka fomu zote mbili ndani ya Biblia, akafunga siku tatu bila hata maji ya kunywa mchana, akamwambia Mungu: chuo unachonitakia, na kinitafute chenyewe. Hakumwambia mtu ila Maggie, mwenzake wa maombi wa miaka tisa, aliyeuza mapazia sokoni Thika. Maggie alifunga pamoja naye. Walau ndivyo alivyosema.

Siku ya tatu, saa kumi jioni, Waithira akiwa anachagua maharagwe, simu ililia.

"Bwana asifiwe, mama. Unaongea na Bishop Gachau wa Kimbo. Hatujuani. Lakini tangu asubuhi Roho ananisumbua na jina Waithira. Sijui uko na shida gani, mimi nimetii tu."

Waithira alikaa chini sakafuni palepale. Maharagwe yalimwagika yote. Alilia, akaimba, na Njau aliporudi kazini alimkuta amejaza fomu ya Kimbo hadi mahali pa sahihi.

Na alisoma, jamani. Mtu asije akasema hakusoma. Masomo yalikuja kwenye WhatsApp, kurasa zilizopigwa picha zikiwa zimepinda, na sauti ya askofu ikieleza vitabu vya manabii huku honi zikipigwa nyuma yake. Waithira aliandika insha zake kwa mkono kwenye daftari, akazipiga picha, akazituma. Juu ya mateso ya Ayubu aliandika kurasa kumi na tisa, kwa sababu mateso alikuwa ameyaona wodini kwa macho yake. Zilirudi na neno moja: "A. Ubarikiwe." Wakati mmoja aliteleza kidole akatuma picha ya orodha ya vitu vya harusi ya binamu yake, mchele, kuku, viti mia mbili. Ikarudi: "A. Ubarikiwe."

Hilo lilimkosesha usingizi. Alimwuliza Maggie.

"Hiyo inaitwa neema," Maggie alisema. "Wewe unapewa A na unalalamika?"

Siku ya mahafali jamaa zao walitoka Murang'a kwa gari la kukodi. Waithira alivaa joho jekundu, akakata keki yenye jina lake, na Njau, yule mtu wa mzaha, alisimama akatoa hotuba akashindwa kuimaliza. Picha yake ya joho ilitundikwa sebuleni, juu ya televisheni.

Wiki mbili baadaye akaitwa kwenye usaili. Kivuva alikuwapo, na mjumbe mmoja wa bodi, na afisa wa wafanyakazi, bwana mmoja mpole aitwaye Okello, mwenye kompyuta mbele yake. Okello aliisoma diploma taratibu, akaandika jambo, akasogeza kioo cha kompyuta, akaandika tena.

"Madam, hiki chuo sikioni kwa list."

"Tafuta vizuri. Kiko Kimbo."

"Kimbo najua kiko. Kwa list ndiyo hakiko."

Waithira akamwonyesha mhuri wa dhahabu wa Baraza la Kimataifa. Okello hakucheka, na afadhali angecheka. Alimgeuzia kompyuta aone mwenyewe. Anwani ya Baraza la Kimataifa ilikuwa Kimbo, jengo lilelile la chuo, orofa ileile, mlango unaofuata.

"Mama, hawa watu wamejipigia mhuri wenyewe," alisema.

Kisha, bila nia mbaya, akafungua orodha ya vyuo vinavyotambuliwa ili amwonyeshe jinsi inavyokaa. Kile chuo cha kwanza kilikuwamo, mstari wa kumi na nne. Angekuwa amekimaliza mwezi uleule. Kivuva alikuwa akiitazama meza.

Waithira alitoka hapo akaenda moja kwa moja sokoni Thika. Maggie alikuwa amefunga futi ya kupimia shingoni, akimkatia mteja pazia la maua. Waithira alingoja mteja aondoke. Miaka kumi na mmoja ya urafiki ilitosha kumpa adabu hiyo ya mwisho.

"Maggie, nani alimpa bishop namba yangu?"

"Si ni mimi." Hakuacha hata kukunja kitambaa. "Kwani hukujua? Ukimpelekea mwanafunzi anakutoa lunch, anakutumia kitu kidogo. Kila mtu anajua. Hata wewe ungepeleka watu ungepewa."

"Nilikuwa nimefunga. Nilikuwa nangoja Mungu anijibu."

"Na ulijibiwa. Ulitaka Mungu akupigie na laini gani?"

"Ngai! Ulimwambia aniambie Roho anamsumbua?"

"Hayo ni maneno yake, usiniwekee mimi." Sasa Maggie aliinua macho, na machoni mwake hamkuwa na aibu hata kidogo, mlikuwa na kuudhika tu. "Waithira, ulikuwa unaumia na mawazo. Ulikuwa unataka jibu. Nilikusaidia ukapata. Rafiki afanye nini zaidi?"

Waithira hakumtukana. Baadaye alijuta sana kwa nini hakumtukana, maana matusi aliyokuwa nayo yalikuwa mazuri. Alirudi Landless, akaishusha ile picha ya joho, akakaa kitandani. Diploma ilimwuma, kazi ilimwuma zaidi, lakini lililomtesa lilikuwa jingine. Kwa miaka kumi na mmoja kila ombi lake lilipitia kwa Maggie. Shule ya mwanawe Muriithi. Kazi ya Nakuru aliyopewa Njau akaikataa kwa sababu ya ishara ya mkewe. Ishara alizozipata zote, sauti zote, simu zote za ghafla. Alijaribu kuzitenga, hii ya Mungu, hii ya Maggie, akashindwa. Njau alimletea chai bila kuitaja ile simu ya bob kumi, na Waithira alimchukia kwa kutoitaja, kama ambavyo angemchukia kama angeitaja.

Hospitali ilimwajiri kijana mmoja aitwaye Calvince, mwenye diploma safi. Kivuva alipiga simu kuomba jambo moja tu: Waithira aje Ijumaa amwonyeshe wodi na kumjulisha kwa watu. Waithira alikubali, akajilaumu kwa kukubali, akaenda. Calvince alikuwa na adabu, alimwita mama, aliandika kila kitu kwenye kijitabu. Waithira alitaka kumchukia na haikuwa kazi ngumu.

Katika wodi ya upasuaji ya wanawake alilala Apiyo, muuza mboga wa Githurai, ambaye kisukari kilikuwa kimemwozesha mguu. Daktari alitaka kuukata siku nne zilizopita. Apiyo alikataa kuweka sahihi. Muuguzi alimnong'oneza Waithira kwamba sumu ilikuwa ikipanda, na kwamba kesho haitakuwa na maana tena.

"Mama Waithira!" Apiyo alijaribu kuketi. "Wewe ndiyo nilikuwa nangoja. Huyu wa beji mimi simjui. Funga na mimi siku tatu tuulize Mungu kama nikubali kukatwa."

Zamani angekubali. Alikuwa amewafungia wengi. Sasa aliutazama ule mguu, na harufu yake ilijaa pazia hadi pazia.

"Huna siku tatu, Apiyo. Weka sahihi."

"Mungu amekuambia?"

Calvince alisogea akaanza kueleza, kwa upole, kwamba Mungu hutenda kazi pia kupitia mikono ya madaktari. Lilikuwa jibu sahihi kabisa. Apiyo hakumgeukia hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwa Waithira tu.

Waithira alijua kwamba akisema hapana, mwanamke huyu atakufa hapa akiwa na miguu yake miwili. Na kwa miaka kumi, kando ya vitanda vyote hivyo, hakuwahi kumwekea Mungu neno kinywani. Hilo lilikuwa fahari yake, ndicho kitu pekee alichokuwa amebaki nacho. Alifumba macho akangoja kidogo, iwapo kuna lolote litakalokuja. Halikuja.

"Ndiyo," alisema. "Ameniambia. Amesema ukatwe."

Apiyo alitoa pumzi ndefu, machozi yakamshuka mashavuni, akaomba kalamu.

"Ndiyo maana nilikungoja," alisema. "Wewe huwezi kunidanganya."

Waithira akamshikia karatasi isiteleze.