Barua ya Moshi wa Kashikishi

"Futa ile mustari," Shemasi Ilunga alisema. "Futa, ama sipigi kashe."

"Sifuti."

"Mama Mimi, nakuomba kama kaka yako."

"Kaka yangu yuko Pweto. Wewe ni shemasi. Piga kashe."

Kashe ni muhuri wa kanisa letu, na Ilunga hutembea nao mfukoni kama simu. Sisi tuliotoka ng'ambo ya ziwa tumelelewa hivyo: karatasi isiyo na kashe si karatasi. Alijua hivyo, na ndiyo sababu alikuwa amekaa kwa raha, miguu ameinyoosha chini ya meza ya kanisa, wakati sisi wengine watatu tumesimama.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Barua ilikuwa ya makanisa matatu ya bandari ya Kashikishi. Baraza la wilaya lilikuwa linakusanya maoni juu ya kiwango cha moshi wa magari, na mwisho wa kupokea ulikuwa saa sita mchana siku hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyeiandika. Mstari uliomuudhi Ilunga ulikuwa huu: gari lolote linalotoa moshi mweusi lisiruhusiwe kuingia bandarini mpaka litengenezwe.

"Nani alibeba mabati ya hii kanisa?" Ilunga aliuliza. "Nani anabebaka maiti zenu mpaka makaburi bila kuomba kitu? Ni kamio yangu, ile lori. Leo munaandika isiingie! Munataka muende kuzika na baiskeli?"

Pasta wetu Hugues, ambaye hapendi kelele, aliinua mkono. "Tunaweza kuandika hivi: magari yajitahidi kupunguza moshi."

"Pasta, injini haijitahidi," nilisema. "Inatoa moshi mweusi ama haitoi."

Mama Dorica alicheka. Yeye ni Mbemba, mwenyeji wa upande huu, kiongozi wa akina mama wa parokia, kanisa la pili la barua, na Kiswahili chake amejifunzia sokoni kwa kubishana bei ya samaki; kila mtu kwake ni "ba", kwa heshima. "Mwandi, ba Pasta, basi tuwekee gari mikono, itubu!" Kisha akaacha kucheka. "Lakini hii barua iko na shida ingine. Jana nilipeleka nakala kwa baraza, ba karani asome. Akaniuliza: 'Magari fulani' ni gari gani? Namba iko wapi? Akasema barua kama hii wako nazo kabati nzima."

Hapo aliniumiza, kwa kuwa maneno hayo yalikuwa yangu. Mwanzoni mwa barua niliandika kwamba "magari fulani" yanatuchafulia hewa, kwa sababu ndivyo tunavyofanya. Kanisani kwetu mtu hatajwi jina kwa ubaya. Pasta akimkemea mlevi kwenye mahubiri, husema "kuna mutu fulani kati yetu", na mlevi mwenyewe huitikia amina kwa sauti kuliko wote. Na mimi niliandika barua ya namna hiyo hiyo. Wenye magari wote wa bandarini waliisikia ikisomwa Jumapili, kabla sijaongeza mstari uliomuudhi Ilunga, wakapiga makofi, kisha Jumatatu wakawasha injini.

"Tuweke namba," nilisema.

"Sawa!" Ilunga alipiga meza. "Weka! Lakini anza na ile." Akaonyesha dirishani.

Hakuna aliyehitaji kugeuka kutazama. Nje, kwenye mchanga, ilisimama Canter ya bluu, inanguruma tangu alfajiri. Ni ya mume wangu Mwenze na mimi. Kianzishio chake kilikufa mwaka jana, na kwenye ule mchanga laini kulisukuma gari lenye mzigo kunataka wanaume ishirini. Kwa hiyo Mwenze akifika bandarini hazimi. Anaacha injini iwake mpaka boti za Kilwa, kisiwa cha humu ziwani, zilete samaki, hata kama zitakuja saa tisa. Karibu magari yote ya hapa hufanya hivyo. Moshi unashuka palepale akina mama wanapoanika chisense, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na palepale watoto wanapowageuza.

"Nozeli za mafuta zimekufa," Ilunga aliendelea, "na mazuti yenu, ile dizeli, munachanganyaka na mafuta ya taa. Nasema uongo? Wewe uko na diploma ya Lubumbashi, tusomee namba ya bwana yako, tusikie."

Alidhani amenifunga mdomo. Pasta alitazama sakafu. Dorica alinitazama mimi.

Nitasema jambo moja juu ya binti yangu Mimi, ambaye kwa jina lake naitwa Mama Mimi, halafu niendelee. Ana miaka tisa. Tangu Juni alikuwa analala amekaa, mito miwili mgongoni, akivuta pumzi kama mtu anayevuta wavu. Muuguzi akaniambia nimwondoe kwenye moshi. Nilimpeleka Kabuta kwa mama yangu mdogo, na huko anapumua vizuri. Amekaa miezi miwili sasa. Kila Jumapili jioni ananiuliza kwa simu atarudi lini, na kila Jumapili namjibu bado. Nilihamisha mtoto, nikaacha moshi ukae nyumbani.

Nilichukua barua na kalamu, nikatoka.

Mwenze alikuwa juu ya mzigo, anakaza kamba. Magunia thelathini ya chisense kavu, kumi yetu, mengine ya akina mama wa kanisa, yote ya kwenda Kasumbalesa.

"Shuka," nilimwambia. "Nazima gari."

"Unasema?"

"Nazima. Naandika namba yake kwenye barua, na siwezi kuiandika huku inawaka."

Alishuka haraka. "Mama Mimi, uko na kichwa muzuri leo? Ukizima haiwaki tena! Nani atasukuma hapa?"

"Hakuna wa kusukuma. Itakaa hapa mpaka fundi Fanwell aje na nozeli mpya na kianzishio."

"Nilikuambia nitanunua mwezi ujao."

"Ulisema hivyo wakati wa Pasaka."

Akina mama walikuwa wameacha samaki wao na kusogea. Ilunga naye alikuwa ametoka, amesimama mlangoni mwa kanisa na Pasta na Dorica. Mwenze alishusha sauti.

"Sikia, Agnès. Dawa ya mutoto inatoka wapi? Si hapa? Chakula ya Kabuta tunatumaka na nini? Si na hii gari?"

Alikuwa anasema kweli. Nilimkubalia. "Dawa inatoka hapa. Ugonjwa pia. Mimi nimechoka kununua vyote viwili."

"Na magunia ya batu?"

Niliwageukia akina mama. "Magunia yenu hayaendi leo. Ni kosa letu, si lenu. Mtu mwenye haraka atafute gari lingine, tutalipia nauli yake sisi. Ya wengine tutayashusha, tuyaweke ndani ya kanisa yasipate unyevu."

"Kanisani, na ile harufu?" mmoja aliuliza.

"Ninyi wenyewe mnaingiaga na harufu gani?" Dorica alimjibu kutoka mlangoni, na wakacheka, hata yule aliyeuliza. Mwenze hakucheka.

Nilipanda kwenye usukani. Gari zima lilikuwa linatetemeka, hata kioo. Nilizungusha ufunguo, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Niliweka barua juu ya boneti. Nilifuta "magari fulani" kwa mstari mmoja, nikaandika namba yetu ya usajili, na baada yake: mali ya Mwenze na Agnès, waumini wa kanisa hili, limezimwa leo na halitaingia tena bandarini mpaka lipimwe. Mstari aliotaka Ilunga ufutwe niliuacha ulivyo. Kisha nikatia sahihi.

Mwenze alisoma juu ya bega langu. "Umeandika jina yangu."

"Ni gari lako pia. Nikilifuta jina lako, gari litabaki langu peke yangu. Nifute?"

Alipangusa mikono kwenye suruali. "Acha," alisema. "Lakini nimekasirika."

"Kasirika. Saini hapa."

Alisaini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Nilimgeukia Ilunga. "Shemasi, namba ya pili."

"Kashe iko mufukoni, na itabakia mufukoni," alisema, akaondoka kuelekea kwenye kamio yake.

Pasta Hugues alimwangalia akienda. Alikuwa na sura ya mtu aliyeambiwa ale kitu kichungu mbele ya wageni. Alinyoosha mkono, akachukua kalamu, akaandika jina lake lote chini ya barua, na neno mchungaji. Dorica akaandika lake kwa niaba ya parokia. Kanisa la tatu walikuwa wamesaini tangu Jumatano.

"Na namba ya Papa Ilunga?" Dorica aliuliza.

"Mupe mpaka Jumapili," Pasta alisema. "Asipoandika yeye, nitaitaja mimi kwenye mahubiri. Na jina nitataja."

Saa tano na nusu tulikuwa juu ya baiskeli za kukodi, Dorica mbele, mimi nyuma, kwenye lami ya kwenda Nchelenge. Karani wa baraza aliigeuza barua pande zote mbili.

"Muhuri wa kanisa la kwanza uko wapi?"

"Haupo," nilisema. "Namba ipo. Soma."

Alisoma kwa kidole. Alipofika kwenye jina langu aliniangalia, akauliza kama ni mimi. Nikasema ndiyo. Aliingiza barua kwenye daftari la mapokezi, akaandika saa, dakika tano kabla ya mwisho, akanipa nakala.

Tulirudi bandarini kushusha magunia.